Ndege ao treni ya mbio: musafiri anachagua nini?



Katika masomo ya jiografia tunajifunza njia za kusafiri: barabara, mito na maziwa, reli, na ndege. Mwalimu akiuliza ni chombo gani kinafikisha mutu upesi kupita vingine, darasa lote linajibu kwa sauti moja: «Ndege!» Jibu hilo linaonekana kuwa sawa. Ndege kubwa inakimbia kilometa 800 kwa saa na zaidi. Treni yenye mbio sana inakimbia kilometa 300 hivi. Mutoto wa darasa la kwanza anaweza kusema nani atashinda.

Lakini tuangalie mambo yaliyotokea kweli. Kati ya Paris na Lyon, wasafiri wengi waliacha ndege na kuingia katika treni. Kati ya Madrid na Sevilla, vilevile. Katika kisiwa cha Taiwan, ndege kati ya muji wa Taipei na muji wa Kaohsiung zilikoma kabisa mwaka wa 2012, sababu watu wa kuzijaza hawakupatikana tena. Namna gani chombo cha kilometa 300 kinashinda chombo cha kilometa 800? Njo ulizo la somo letu. Tutaona kwamba jibu linafaa hata sisi wa Kongo, ijapokuwa treni ya namna ile hatuna.

I. TRENI YA MBIO NI NINI?

Siyo kila treni yenye kwenda upesi inaitwa treni ya mbio. Kwa kawaida wanaita hivi treni inayokimbia kilometa 250 kwa saa ao zaidi, juu ya reli mupya iliyojengwa kwa ajili yake. Reli hiyo haina kona kali, haikatani na barabara, na treni za mizigo zenye kwenda polepole mara nyingi haziruhusiwi kupita pale. Treni yenyewe inaendeshwa kwa nguvu za umeme.

Wajapani njo walitangulia. Tarehe 1 Oktoba 1964 walifungua reli mupya kati ya Tokyo na Osaka, kilometa 515, na treni iliyokimbia mpaka kilometa 210 kwa saa. Jina lake ni Shinkansen, ndiyo kusema «reli kuu mupya». Mwanzoni safari ilichukua masaa 4. Leo treni ya upesi inafika kwa masaa 2 na nusu hivi. Tangu 1964 mpaka leo hakuna musafiri hata mumoja aliyekufa kwa sababu treni hiyo ilianguka ao kugongana na ingine.

Kuna jambo moja la Japani linalotugusa sisi. Reli ya zamani ya Wajapani ilikuwa na upana wa milimeta 1,067. Ni upana uleule wa reli yetu ya Matadi mpaka Kinshasa na reli yetu ya Katanga. Tushike jambo hilo katika kichwa, tutalirudilia mbele.

Kiisha Wafaransa walifuata mwaka wa 1981 na treni yao inayoitwa TGV, Wahispania mwaka wa 1992, na Wachina mwaka wa 2008. Uchina ilichelewa kuanza, lakini ilipita wote: mwisho wa mwaka wa 2023 ilikuwa na zaidi ya kilometa 45,000 za reli za namna hiyo.

II. TUFANYE HESABU YA SAFARI NZIMA

Hapa njo fasi wengi wanakosea. Wanahesabu mbio ya chombo, lakini musafiri hahesabu mbio ya chombo. Yeye anahesabu masaa tangu anafunga mulango wa nyumba yake mpaka anapiga hodi kwa mulango wa yule anayemwendea.

Kwa ndege, kazi siyo kuruka tu. Kiwanja cha ndege kiko mbali na muji, kwa sababu kinataka fasi kubwa na kinapiga kelele. Inapashwa kufika mapema, kupima mizigo, kuonyesha karatasi, kupitishwa katika mashine ya kuchunguza, kungoja. Kisha kushuka, kungoja mizigo tena, na kutafuta motokari ya kuingia muji. Kwa treni, kituo kiko katikati ya muji. Musafiri anaweza kufika dakika 15 mbele ya kuondoka, anapanda na muzigo wake mukononi, na akishuka yuko tayari ndani ya muji.

Tuchukue basi mufano wa hesabu. Hesabu hii ni ya kujifunza. Kila muji uko na yake.

Kwa ndege tuseme: dakika 45 za kwenda kiwanjani, saa 1 na dakika 15 za kungoja na kuchunguzwa, dakika 15 za kutoka ndani ya ndege na kupata mizigo, dakika 45 za kuingia muji. Jumla ni masaa 3, na hatujaruka bado. Tuongeze safari ya angani kwa mbio ya katikati ya kilometa 700 kwa saa (ndege inapoteza wakati kwa kupanda na kushuka).

Kwa treni tuseme: dakika 30 za kwenda kituoni, dakika 15 za kungoja, dakika 15 za kutoka. Jumla ni saa 1. Tuongeze safari kwa mbio ya katikati ya kilometa 230 kwa saa (treni inasimama katika vituo vingine).

Matokeo ni haya:

Kilometa 300: ndege masaa 3 na dakika 26, treni masaa 2 na dakika 18.
Kilometa 700: ndege masaa 4, treni masaa 4 na dakika 3.
Kilometa 1,300: ndege masaa 4 na dakika 51, treni masaa 6 na dakika 39.

Munaona? Kwa kilometa 300 treni inashinda kwa saa moja na zaidi. Kwa kilometa 700 vyombo viko sawasawa. Kwa kilometa 1,300 ndege inashinda, na hakuna ubishi. Ndege inapoteza masaa 3 juu ya inchi kavu, ikiwa safari ni ndefu ao fupi. Katika safari fupi hasara hiyo ni kubwa sana. Katika safari ndefu haisikilike tena.

Wenye kazi ya usafiri wamelitambua jambo hili katika inchi nyingi, na wanalisema kwa kifupi hivi: treni ikifika kwa masaa 3 ao chini, inachukua sehemu kubwa ya wasafiri. Ikichukua masaa 4 ao 5, wanagawana. Ikipita hapo, ndege inashika wengi. Katika hesabu yetu, kilometa 700 ni masaa 3 ya treni. Ni jambo lilelile.

III. PAHALI TRENI ILISHINDA

Tuone sasa kama mambo ya kweli yanakubali hesabu yetu.

Paris mpaka Lyon. Mbele ya 1981, treni ilichukua karibu masaa 4. Mwezi wa Septemba 1981 sehemu ya reli mupya ilifunguliwa, na mwaka wa 1983 yote ilikwisha: safari ikawa masaa 2. Tuangalie namna watu 100 wenye kusafiri kati ya miji hiyo waligawanyika mwaka wa 1981 na mwaka wa 1984:

Kwa ndege: mbele 31, kiisha 7.
Kwa treni: mbele 40, kiisha 72.
Kwa motokari na bisi: mbele 29, kiisha 21.

Madrid mpaka Sevilla. Reli mupya ya kilometa 471 ilifunguliwa mwezi wa Aprili 1992. Tulinganishe mwaka wa 1991 na mwaka wa 1994:

Kwa ndege: mbele 40, kiisha 13.
Kwa treni: mbele 16, kiisha 51.
Kwa motokari na bisi: mbele 44, kiisha 36.

Soma tena musitari wa treni ya Sevilla: kutoka 16 mpaka 51, kwa miaka 3 tu. Watu hawakubadilika, muji haukuhama, ndege hazikupunguza mbio. Kitu kimoja tu kilibadilika: masaa ya safari nzima kwa treni.

Tena tuone kwamba treni haikunyanganya ndege peke yake. Ilichukua pia watu wa motokari. Na ilitoa nyumbani watu ambao mbele hawakusafiri hata kidogo, kwa kuwa safari ilikuwa muzigo kwao. Mutu akiweza kwenda asubuhi na kurudi mangaribi, anaanza kwenda pahali hakuwahi kwenda.

London mpaka Paris. Pale bahari ilikatiza reli. Mwaka wa 1994 njia ya chini ya bahari ilifunguliwa, kilometa 50 hivi, na treni za Eurostar zikaanza kupita. Mwanzoni safari ilichukua masaa 3. Mwaka wa 2007, wakati Waingereza nao walimaliza reli mupya kwa upande wao, ikawa masaa 2 na dakika 15. Kadiri dakika zilipunguka, njo kadiri treni ilichukua wasafiri wa ndege.

Taiwan. Reli ya mbio ilifunguliwa mwezi wa Januari 2007 na inakamata upande wote wa mangaribi wa kisiwa, kilometa 350 hivi. Kumbukeni hesabu yetu ya kilometa 300. Kompani za ndege zilipunguza bei, zikapunguza safari, mwisho zikaacha. Ilichukua miaka 5 tu.

IV. PAHALI NDEGE INABAKI NA NGUVU

Lakini tusikimbilie kusema kwamba ndege imekwisha. Hapana.

Katika Japani ileile, mutu wa Tokyo anayekwenda Osaka anapanda treni, lakini anayekwenda Fukuoka, zaidi ya kilometa 1,000, mara nyingi anapanda ndege, kwa kuwa treni inataka masaa karibu 5. Inchi ni moja, treni ni ya namna moja, watu ni walewale. Urefu wa njia tu njo unatofautisha.

Kati ya Beijing na Shanghai, kilometa 1,318, reli ya mbio ilifunguliwa mwaka wa 2011. Treni za upesi kabisa zinafika kwa masaa 4 na dakika 18. Ndege inakaa angani masaa 2 na zaidi kidogo. Ongeza saa 1 ya treni na masaa 3 ya ndege, kama tulivyofanya: zote mbili zinakaribia masaa 5 na kitu. Na kweli, pale vyombo vyote viwili vinabeba watu wengi sana.

Ndege iko na faida ingine kubwa: haitaki njia. Inataka kiwanja huku na kiwanja kule tu. Katikati kukiwa bahari, pori, mulima ao vita, inapita juu. Tena kama wasafiri wanahama, ndege inahama pamoja nao: leo inakwenda muji huu, kesho muji mwengine. Reli haiwezi kuhamishwa. Njo sababu pahali watu ni wachache na miji iko mbalimbali, mutu mwenye akili hatajenga reli ya mbio.

V. NAMNA WANAVYOSHINDANA

Wakati treni ya mbio inafika, kompani za ndege hazikai kimya. Tunaweza kuona namna nne za kujibu.

Namna ya kwanza ni kupunguza bei na kurahisisha safari. Kati ya Madrid na Barcelona, tangu 1974 kompani Iberia ilikuwa na «daraja la angani»: musafiri alifika kiwanjani bila kujiandikisha mbele, akapanda ndege iliyofuata. Njia hiyo ilikuwa moja ya njia za ndege zenye watu wengi katika dunia nzima. Mwezi wa Februari 2008 treni ya mbio ilifika Barcelona: kilometa 621 kwa masaa 2 na dakika 38. Mbele ya miaka 10 kupita, treni ilikuwa imepita ndege kwa hesabu ya wasafiri.

Namna ya pili ni kukataza mushindani asizaliwe. Mwaka wa 1991, katika jimbo la Texas, Marekani, kikundi cha wafanya kazi ya reli kilipewa ruhusa ya kujenga treni ya mbio kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Kompani Southwest Airlines, iliyoishi kwa safari fupi kati ya miji hiyohiyo, ilipinga kwa nguvu. Feza za kujenga nazo hazikupatikana, na mwaka wa 1994 ruhusa iliondolewa. Treni ile haikujengwa.

Namna ya tatu ni kufanya urafiki. Mwaka wa 2001 kompani Air France iliacha kurusha ndege zake kati ya Brussels na Paris, ikawapandisha wasafiri wake katika treni ya mbio mpaka chini ya kiwanja cha ndege cha Roissy, ambako kuna kituo cha treni. Juu ya nini kompani ya ndege imupe adui wasafiri wake? Kwa sababu viwanja vikubwa vimejaa. Kila saa kinaweza kupokea ndege kadiri fulani tu. Fasi ya ndege ndogo ya Brussels inaweza kutumiwa na ndege kubwa ya kwenda Afrika ao Marekani, yenye kuleta feza zaidi. Hata kituo cha treni cha Brussels-Midi kiko na alama ya herufi tatu kama kiwanja cha ndege: ZYR.

Namna ya nne ni kuingia katika treni wenyewe. Uhispania ilifungua reli zake kwa kompani nyingi. Mwaka wa 2021 iliingia kompani Ouigo ya Wafaransa, na mwaka wa 2022 kompani Iryo. Kati ya wenye kuanzisha Iryo kulikuwa wenye kompani ya ndege Air Nostrum! Basi treni zikaanza kushindana na treni, na bei ikashuka. Italia ilitangulia katika jambo hilo, tangu kompani Italo ilianza mwaka wa 2012.

Serikali nayo inaingia katika mashindano. Ufaransa ilitunga sheria mwaka wa 2021, na mwezi wa Mei 2023 amri ya kuitekeleza ilitoka kwa muda wa miaka 3: ndege hazikuruhusiwa kubeba wasafiri kati ya miji miwili kama treni iliweza kuwafikisha kwa chini ya masaa 2 na nusu. Sababu yao ni hewa: ndege inachoma mafuta mengi, na treni ya umeme inatoa moshi kidogo sana ikiwa umeme wenyewe hautoki katika makaa. Lakini sheria iligusa njia tatu tu, kutoka kiwanja cha Orly mpaka Nantes, Lyon na Bordeaux, na Air France ilikuwa imeziacha tayari tangu 2020. Tunajifunza kwamba sheria haikumushinda ndege pale. Treni ilikuwa imekwisha kumushinda, sheria ikafunga mulango nyuma yake.

VI. FEZA ZA RELI ZINATOKA WAPI?

Kufika hapa, mwanafunzi atasema: «Basi kila inchi ijenge treni ya mbio!» Tungoje kidogo.

Reli ya mbio inakula feza nyingi sana. Inapashwa kutoboa milima, kujenga madaraja, kununua mashamba ya watu, kutia umeme njia yote. Feza hizo zote zinatoka mbele musafiri wa kwanza hajalipa tikiti. Kiisha reli inataka kutengenezwa kila usiku, ikiwa treni imejaa ao ni tupu. Kwa hiyo reli inataka watu wengi, kila siku, mwaka kwa mwaka. Tokyo na Osaka ni miji ya mamilioni ya watu, na treni zinafuatana kwa dakika chache tu. Si kila fasi iko hivyo.

Taiwan inatufundisha upande huu pia. Treni yake iliwashinda ndege kabisa, lakini kompani iliyoijenga ililemewa na madeni, mpaka mwaka wa 2015 serikali ililazimika kuingia kwa kuiokoa. Kumushinda mushindani siyo sawasawa na kupata faida. Mutu anaweza kushinda mbio na kuanguka kwa njaa.

VII. NA SISI?

Afrika iko na treni ya mbio moja: ile ya Moroko, inayoitwa Al Boraq. Tangu Novemba 2018 inatoka Tanger mpaka Casablanca, kilometa 323, kwa masaa 2 na dakika 10. Mbele safari hiyo ilichukua masaa 4 na dakika 45. Jirani zetu wa Tanzania walizindua mwezi wa Agosti 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Mbio yake ni kilometa 160 kwa saa, kwa hiyo haistahili jina la treni ya mbio kwa maana tuliyoandika juu. Lakini inafika kwa masaa karibu 4, na kwa mutu aliyezoea bisi ya siku nzima, hiyo ni mbio ya kutosha.

Katika Kongo, reli ya Matadi ilifika Kinshasa mwaka wa 1898: kilometa 366. Reli ya kutoka Katanga ilifika Ilebo mwaka wa 1928. Katikati, kutoka Ilebo mpaka Kinshasa, reli haikujengwa hata siku moja. Inapashwa kuteremuka na mashua juu ya muto Kasai. Kwa hiyo kati ya Lubumbashi na Kinshasa hakuna treni ya moja kwa moja, na mwenye haraka anapanda ndege.

Watu wanasema basi: «Munaona, kwetu ndege ilishinda.» Hapa njo tunataka kila mwanafunzi afikiri muzuri. Ndege haikushinda. Ilikimbia peke yake. Kushinda kunataka wawili. Kati ya Paris na Lyon musafiri alikuwa na njia mbili za kweli, akapima masaa yake na feza zake, akachagua. Kwetu, katika safari nyingi, mwenye feza anaruka na asiye nazo anabaki, ao anapanda juu ya mizigo ya lori na kuhesabu siku, si masaa. Hayo siyo mashindano. Ni kukosa.

Na kweli, kati ya Lubumbashi na Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 hata kwa njia ya ndege, hesabu yetu inasema kwamba mwenye haraka angepanda ndege hata kama treni ya mbio ingekuwapo. Kwa hiyo tusilie juu ya kitu kisichotufaa. Lakini mwenye mizigo, mwenye watoto sita, muuzaji wa mahindi, mwanafunzi anayerudi likizo, hao wanataka treni yoyote, yenye kuondoka siku iliyosemwa na kufika siku iliyosemwa.

Sasa turudilie jambo tulilowaomba kushika. Mwaka wa 1958, mbele ya Shinkansen, Wajapani walikuwa na treni iliyotoka Tokyo mpaka Osaka juu ya reli yao ya zamani, ile ya milimeta 1,067 kama yetu. Ilikata kilometa 556 kwa masaa chini ya 7, ndiyo kusema kilometa 80 kwa saa, pamoja na kusimama njiani. Ilikuwa treni ya umeme. Na sisi, tangu miaka ya 1950, sehemu za reli ya Katanga zilitiwa umeme. Upana ni uleule. Umeme tulikuwa nao. Kilichotofautisha ni matengenezo: mbao na vyuma vya reli kubadilishwa kwa wakati, maji kuondolewa pembeni ya njia, madaraja kuchunguzwa, saa kufuatwa. Kwa kilometa 300, treni ya kilometa 80 kwa saa inafika kwa masaa chini ya 4. Tukiongeza saa 1 ya kwenda na kutoka kituoni, ni karibu masaa 5. Haimushindi ndege, lakini inamukaribia kuliko tunavyofikiri, na inabeba maelfu ambao ndege haitawabeba hata siku moja.

Kati yetu tunaosoma kurasa hizi, kuna watakaokuwa mafundi, wengine wahesabu wa serikali, wengine wafanya biashara. Siku moja mutu ataweka picha nzuri ya treni ndefu nyeupe mezani penu, na mwengine ataweka picha ya ndege. Musiulize kwanza: «Inakimbia namna gani?» Muulize: «Itabeba nani? Kutoka mulango gani mpaka mulango gani? Kwa masaa mangapi? Kwa bei gani? Na nani atalipa kuitengeneza mwaka wa ishirini?» Mwenye kuuliza hivyo hatadanganywa na picha.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Sababu gani masaa 3 ambayo ndege inapoteza yanasikilika zaidi katika safari ya kilometa 300 kuliko katika safari ya kilometa 1,300?
2. Tuseme kiwanja cha ndege kiko karibu sana na muji, na masaa 3 yanakuwa masaa 2. Fanya hesabu tena kwa kilometa 300 na 700. Nani anashinda sasa?
3. Linganisha Tokyo–Osaka na Tokyo–Fukuoka. Ni nini kinageuza uchaguzi wa wasafiri?
4. Eleza juu ya nini kompani ya ndege inaweza kufurahi kuona wasafiri wake wa safari fupi wanapanda treni.
5. Chagua safari moja ambayo watu wa kwenu wanafanya mara nyingi. Andika masaa yake tangu mulango mpaka mulango, kwa kila chombo kinachopatikana. Mulete karatasi darasani, tuzilinganishe.